Kiini Kilichohama: Jinsi Linux Ilivyotoka kwenye Prosesa Moja Ikaenea kwenye Nyingine

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala kuhusu fasihi, sarufi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba ruhusa tuingie katika uwanja wa jirani, ule wa kompyuta, kwa kuwa historia mojawapo ya uwanja huo inagusa swali tunaloulizwa kila mwaka na wanafunzi wetu wapya: je, kitu kilichozaliwa na kulelewa mahali pamoja kinaweza kuhamia mahali pengine na bado kikawa kile kile? Wanafunzi wanapouliza hivyo huwa wanakifikiria Kiswahili, ambacho huku kwetu, mbali na bahari, wengi wamekua wakiambiwa kuwa ni cha watu wa pwani. Sisi tutalijibu kwa kuzunguka njia ndefu kidogo, kupitia Finland. (Tutatumia neno kompyuta, wenzetu wanaopendelea tarakilishi watuvumilie.)

Kila kompyuta ina prosesa, yaani kile kipande kinachotekeleza amri na kufanya hesabu. Prosesa za koo mbalimbali hazisemi lugha moja. Amri inayoeleweka na prosesa ya Intel haina maana yoyote kwa prosesa ya Motorola, kama vile sentensi ya Kifini isivyo na maana kwa msikilizaji wa Kigogo. Juu ya prosesa hukaa mfumo endeshi, ambao hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu na kusimamia diski na kibodi. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo huitwa kiini, nayo ndiyo inayogusana na prosesa moja kwa moja. Ndiyo maana kuhamisha mfumo endeshi kutoka ukoo mmoja wa prosesa kwenda mwingine ni kazi ngumu kuliko kuhamisha programu ya kuandikia barua.

Linus Torvalds alizaliwa Helsinki mwaka 1969, katika jamii ndogo ya Wafini wanaozungumza Kiswidi. Mwanzoni mwa mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Aliitumia pamoja na Minix, mfumo mdogo ambao Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alikuwa ameuandika na kuutoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Minix haikumridhisha, na zaidi ya hapo alitaka kuijua mashine yake mpya ndani na nje, hivyo akaanza kuandika kiini chake mwenyewe. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwatangazia watumiaji wa Minix kwamba anaunda mfumo huria, kwamba ni jambo la kujifurahisha tu ambalo halitakuwa kubwa, na kwamba hauhamishiki, kwa sababu unategemea mbinu za 386 za kubadilisha zamu za kazi.

Alisema kweli. Katika toleo la kwanza, lililotoka Septemba mwaka huo, kila kazi ilipewa kipande cha kumbukumbu cha megabaiti 64, na idadi ya juu ya kazi ilikuwa 64. Msomaji akizidisha namba hizo mbili atapata megabaiti 4096, ambayo ni anwani zote ambazo prosesa ya biti 32 inaweza kuzitaja. Yaani ukubwa wa ulimwengu wa Linux ulipimwa kwa rula ya Intel, na hata kupokezana kwa zamu kati ya kazi na kazi kulifanywa na prosesa yenyewe kwa amri ambayo haikupatikana katika koo nyingine.

Tarehe 29 Januari 1992 Profesa Tanenbaum aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilihusu muundo wa kiini, kwamba kila kitu kimerundikwa pamoja badala ya kugawanywa katika sehemu ndogo zinazojitegemea. Ya pili ndiyo inayotuhusu: kuufunga mfumo mpya kwa ukoo mmoja wa prosesa ni kosa la msingi, kwani prosesa huja na kuondoka. Minix, alikumbusha, ilikuwa imeshahamia kwenye mashine nyingine kadhaa. Katika mabishano yaliyofuata alimwambia kijana huyo ashukuru kwamba hakuwa mwanafunzi wake, maana kwa ubunifu wa namna ile asingepata alama ya juu. Torvalds alijibu kwa ukali, na kwa mzaha akasema kuhamishika ni kwa watu wasioweza kuandika programu mpya. Alitetea pia kwamba programu zilizoandikwa kwa ajili ya Unix zinahamia kwenye Linux bila taabu, hata kama kiini chenyewe hakitoki nyumbani.

Sisi tuliozoea kusahihisha kazi za wanafunzi tunauona ugomvi huu kwa jicho la pekee. Kwa maoni yetu mwalimu alitambua ugonjwa barabara, lakini utabiri wake ulikwenda kombo. Alidhani ukoo wa Intel utafifia karibuni na watu watahamia kwenye prosesa za SPARC na nyinginezo. Miaka thelathini na zaidi imepita na ukoo ule bado umejaa madawatini. Na kile alichokiona kuwa kimefungwa kamba kiliifungua kamba hiyo ndani ya miaka mitatu. Kilifunguliwaje?

Sehemu ya jibu ilikuwapo kabla ya Torvalds. Unix, babu wa mifumo hii yote, iliandikwa upya mwaka 1973 kwa lugha ya C iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs. Mwaka 1977 ilihamishiwa kwenye mashine za Interdata na makundi mawili, moja la Bell Labs na jingine la Chuo Kikuu cha Wollongong huko Australia. Msimbo wa C haukuandikwa kwa lugha ya prosesa yoyote. Kompaila ndiyo inayoutafsiri. Kompaila huria ya GCC, iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa mwaka 1987, ilikuwa imeshajua lugha za prosesa nyingi kabla Linux haijazaliwa. Basi sehemu kubwa ya Linux ilikuwa katika lugha inayotafsirika. Iliyobaki, ile iliyoandikwa kwa lugha ya 386 yenyewe, ilikuwa ndogo.

Mtu akiishia hapo atadhani kazi ilikuwa kutafsiri ile sehemu ndogo tu. Mfasiri yeyote atamwambia kuwa ugumu uko kwingine. Maneno ya kigeni yanaonekana kwa macho, hivyo mtu huyawinda. Kinachosumbua ni yale ambayo mwandishi aliyachukulia kuwa ya kawaida duniani kote kiasi kwamba hakuyataja. Chukua saa ya Kiswahili. Tunahesabu kuanzia macheo, na hesabu hiyo inafaa Lamu, Kigoma na Kisangani kwa sababu karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mpeleke mtu huyo Helsinki. Mwishoni mwa Desemba jua la kule huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na mwezi Juni huchomoza kabla ya saa kumi usiku. Hakuna kitabu cha sarufi kinachoandika kwamba saa ya Kiswahili inahitaji ikweta, na msemaji hana haja ya kulijua hilo mpaka ahame. Vivyo hivyo kaskazini na kusini: majina hayo yametokana na pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi, nasi tunayatamka huku bara bila kuwa na jahazi wala pepo zenyewe.

Mafundi wa Unix waliyakuta mambo ya aina hiyo mapema. Prosesa hutofautiana katika mpangilio wa baiti za namba kubwa: nyingine hutanguliza upande mdogo, nyingine upande mkubwa. Msomaji anayejua Kiarabu atatuelewa upesi. Mwarabu husema tano na ishirini. Sisi tulikopa neno ishirini kutoka kwake lakini tukabaki kusema ishirini na tano. Thamani ni moja, ila anayesikiliza kwa masikio ya mwenzake bila kujua desturi yake atakosea hesabu. Kutokana na tofauti hiyo, neno UNIX lililohamishwa baiti mbili mbili kutoka mashine moja kwenda nyingine lingeweza kusomeka NUXI, na tatizo lenyewe likabaki na jina hilo. Ni utani wa mafundi, lakini umebeba somo zima.

Linux ilihama kwanza kwenda kwenye prosesa za Motorola 68000, ambazo ndizo zilizokuwa ndani ya kompyuta za Amiga na Atari. Kazi hiyo ilifanywa na wapenzi wa mashine hizo katika muda wao wenyewe. Miongoni mwao anakumbukwa hasa Hamish Macdonald. Walichukua nakala ya kiini wakaikata na kuishona upya ili ienee mwili wa Amiga. Ilifanya kazi, na hilo si jambo dogo. Lakini nakala hiyo iliishi peke yake. Torvalds alipoongeza kitu kwake, wao walilazimika kukileta kwao kwa mkono, na waliyojifunza wao hayakubadilisha chochote katika kiini cha awali. Linux ya Intel iliendelea kuamini kuwa dunia nzima ni Intel. Tunazifahamu tafsiri za namna hii: msomaji mmoja hufaidika, na matini asilia haijui kama iliwahi kusafiri.

Hali ilibadilika kwa sababu ya mtu aliyeitwa Jon Hall, mfanyakazi wa kampuni ya Digital ya Marekani. Mwaka 1992 Digital ilikuwa imetoa prosesa mpya iitwayo Alpha, ya biti 64, wakati ambapo karibu kila kompyuta ya mezani ilikuwa ya biti 32. Mwezi Mei 1994 Torvalds alialikwa kwenye mkutano wa watumiaji wa mashine za Digital mjini New Orleans, na Hall alikuwa na mkono katika mwaliko huo. Hall alivutiwa na alichokiona, akawashawishi wakubwa wake wampe kijana yule kompyuta ya Alpha. Linux 1.0 ilikuwa imetoka miezi miwili tu nyuma yake, Machi 1994, na bado haikujua prosesa nyingine isipokuwa ya Intel.

Alpha ilikuwa mgeni asiyekubali kulala popote. Katika C ya 386, namba ya kawaida na anwani ya kumbukumbu zilikuwa na urefu mmoja, biti 32, na waandishi walikuwa wakiziweka moja mahali pa nyingine bila kufikiri. Kwenye Alpha anwani ilikuwa na biti 64 na namba ya kawaida ikabaki 32, hivyo kila mahali walipozichanganya, nusu ya anwani ilikatika. Ukurasa wa kumbukumbu wa 386 ulikuwa na baiti 4096. Wa Alpha ulikuwa na baiti 8192. Alpha za mwanzo hazikuwa hata na amri ya kusoma au kuandika baiti moja peke yake: ilibidi kuchukua fungu zima, kubadilisha kidogo kilichohitajika, kisha kurudisha fungu lote. Kila moja ya tofauti hizi ilifichua mahali ambapo Torvalds alikuwa ameandika 386 akidhani ameandika kompyuta.

Baadhi ya wafanyakazi wa Digital nao walikuwa wameanza kuihamisha Linux kwenda Alpha, kwa kuitumia kama mashine ya biti 32, njia iliyokuwa fupi zaidi. Torvalds aliamua kuikabili biti 64 yote. Muhimu zaidi ni kwamba hakutengeneza nakala. Alirudi kwenye kiini kile kile cha 386 akakifumua: yaliyo ya prosesa zote akayaacha katikati, na yaliyo ya prosesa moja akayatenga katika chumba chake. Kila prosesa ikawa na saraka yake ndogo, na kila chumba kikatakiwa kujibu maswali yale yale. Ukurasa wako una ukubwa gani? Zamu unabadilishaje? Baiti zako zimepangwaje?

Mfano mmoja tunaupenda sana, na tumewahi kuutumia darasani. Ili kujua kumbukumbu iko wapi, 386 hupitia majedwali ya ngazi mbili. Alpha hupitia ngazi tatu. Torvalds angeweza kuandika njia mbili tofauti, au kuchukua ile ndogo kuwa kanuni na kumlazimisha mgeni ajibane. Badala yake, msimbo wa katikati uliandikwa kana kwamba kila prosesa ina ngazi tatu. Kwenye 386 ngazi ya kati ipo katika maelezo lakini haina kitu ndani, na kompaila huipita bila gharama. Ndugu zetu wa isimu watatabasamu, kwa sababu hiyo ni mofimu kapa! Tunasema gari lina kiambishi cha ngeli ambacho hakitamkwi, ili kanuni inayoeleza magari ieleze na gari. Kanuni hiyo haikutungwa kwa kutazama gari peke yake. Magari ndiyo yaliyotufundisha kwamba kuna nafasi pale.

Hapo ndipo penye jambo tunalotaka kulisema. Prosesa ambayo msimbo wa katikati wa Linux uliandikiwa haikuwa 386 wala Alpha. Ilikuwa prosesa ya kubuni, ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza, na kila prosesa halisi ikatakiwa kujieleza mbele yake. Sisi tuna chombo cha namna hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji huo. Lakini Kiswahili Sanifu tunachofundisha leo si Kiunguja kitupu, na yeyote aliyekaa barazani Unguja analijua hilo. Tofauti ni kwamba watu wa bara waliletewa lugha iliyokwisha kusanifishwa na wakaambiwa wajifunze, ilhali Alpha iliingia jikoni wakati chakula kinapikwa. Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunasema tu kwamba mwanafunzi wetu anapouliza kama Kiswahili kinaweza kuwa chake, yafaa aulizwe pia ni chumba gani cha katikati ambacho ujio wake umelazimisha kibadilishwe.

Matunda hayakuchelewa. Linux 1.2 ya Machi 1995 ilikuwa na vyumba vya Alpha, SPARC na MIPS kando ya kile cha Intel, ingawa havikuwa vimekomaa kwa kiwango kimoja. Cha SPARC kiliongozwa na David Miller, ambaye naye alikuwa kijana wa chuo kikuu. Linux 2.0 ilipotoka Juni 1996, hata kazi ya watu wa Amiga ilikuwa imerudishwa ndani ya nyumba kubwa, kwa kuwa sasa kulikuwa na mahali pa kuiweka. Mwaka 1997 Torvalds aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Helsinki tasnifu yake ya uzamili, aliyoiita, kwa tafsiri yetu, Linux: Mfumo Endeshi Unaohamishika. Miaka sita kabla yake alikuwa ametangaza kinyume chake kabisa. Kama Profesa Tanenbaum angekuwa msimamizi, tunadhani safari hii alama isingekuwa mbaya.

Alpha yenyewe haikuishi sana. Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na mwaka 2001 Compaq ikatangaza kwamba prosesa hiyo haitaendelezwa tena. Hata hivyo kazi iliyofanywa kwa ajili yake haikuzikwa nayo. AMD ilipotoa Opteron yake ya biti 64 Aprili 2003, Linux ilikuwa tayari kuipokea, kwa kuwa makosa ya urefu wa anwani yalikuwa yamewindwa kwa miaka minane. Prosesa za ARM, ambazo Russell King wa Uingereza alianza kuzihamishia Linux mwaka 1994, ndizo zilizoibeba hadi kwenye simu za Android kuanzia mwaka 2008. Simu nyingi tunazoziona mikononi mwa wanafunzi wetu, zile wanazozificha chini ya dawati tukieleza vitenzi visaidizi, zina kiini hicho ndani.

Tutaje kwa kupita kwamba kuna uhamisho wa aina nyingine, ule wa kukileta Kiswahili kwenye vioo vya kompyuta, na kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki mwaka 2004 katika kuitafsiri programu huria ya OpenOffice. Hiyo ni kazi ya istilahi na inastahili makala yake. Wanaoifanya hukutana na dhana zilizofichika za aina ile ile: programu inayodhani kwamba wingi hupatikana kwa kuongeza herufi mwishoni mwa neno haijui la kufanya na kitabu na vitabu.

Imebaki habari ya mashine ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2012 mmoja wa wasimamizi wa kiini alipendekeza msaada kwa prosesa ya 386 uondolewe, kwa kuwa udhaifu wake wa zamani ulikuwa ukiwapa wote kazi ya ziada. Torvalds alikubali bila kuonyesha huzuni yoyote. Linux 3.8, iliyotoka Februari 2013, haikuweza tena kuwaka kwenye kompyuta ya aina aliyoinunua Helsinki mwaka 1991. Mwaka 2024 zikafuata zile Alpha za mwanzo zisizo na amri ya baiti moja, ikiwamo ya aina aliyopewa na Hall. Chumba cha Alpha bado kipo kwa ajili ya zile zilizokuja baadaye, na katikati ya kiini ngazi za majedwali sasa ni tano. Prosesa isiyo na zote huziacha kapa.